Mjadala: Je, kuuza hati za kaboni kutapunguza kaboni ya saruji Nairobi?

Mhandisi wa miundo, Upper Hill
Tangu kanuni za masoko ya kaboni zitoke mwaka 2024, wajenzi wamekuwa wakishawishiwa kwamba jengo lao laweza kuzaa hati za kaboni za kuuza, yaani vyeti vya tani za kaboni zilizoepushwa, ambavyo mchafuzi wa kwingine hununua. Napinga. Bila kikomo cha lazima cha kaboni kwa kila tanuri la saruji, biashara hii haitapunguza chochote kwenye ujenzi. Takriban asilimia 60 ya kaboni ya klinka, yale mabonge ya tanurini yanayosagwa kuwa saruji, hutoka ndani ya jiwe la chokaa lenyewe linapochomwa, si kwenye moto. Badilisha kuni, badilisha makaa, sehemu hiyo haiguswi. Kinachosaidia ni kupunguza klinka ndani ya mfuko wa saruji.

Mkadiriaji gharama, Ruaka
Mhandisi, tupige hesabu basi. Mfuko wa kilo 50 wa CEM I, saruji ya klinka karibu tupu, una klinka kama kilo 47. Wa CEM IV/B, saruji ya mchanganyiko, waweza kuwa na 30, nyingi ya zilizobaki ni pozolana, kama majivu ya volkano. Tani moja ya klinka hutoa kama kilo 850 za kaboni dioksidi, kwa hiyo kila mfuko unaokoa kilo 14 na ushei. Slabu ya mita za ujazo 30 kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) hula mifuko kama 190. Hapo ni zaidi ya tani mbili na nusu, slabu moja tu! Ghorofa za Kilimani zina slabu ngapi?

Mhandisi wa miundo, Upper Hill
Hesabu sina neno nayo. Sasa tia bei. Tukichukua dola 10 kwa tani ya kaboni dioksidi na dola kwa shilingi 130, mfuko unakuletea shilingi 18 au 19, na mthibitishaji, yule anayekagua kama punguzo ni la kweli, hajalipwa bado. Tena mfuko wa pozolana umejaa kila duka la hadiwea kwa sababu ni nafuu. Hati ni ya haki pale tu ambapo punguzo lisingetokea bila pesa hizo. Ukiuza jambo ambalo fundi angelifanya hata hivyo, mnunuzi wa ng'ambo anaendelea kuchafua na hewa haijapata nafuu yoyote.

Msimamizi wa ujenzi, Syokimau
Mnahesabu mifuko, lakini kaboni inapotelea saitini. Mfuko mmoja unataka maji lita 25, yaani uwiano wa maji kwa saruji wa 0.5. Fundi akimwaga 35 ili zege lilainike na kusambaa upesi, uwiano unafika 0.7 na nguvu inashuka vibaya. Mchemraba wa zege wa kupimia nguvu unafeli siku ya 28, na dawa ya mkandarasi ni kuongeza saruji kwenye kila mchanganyiko. Punguzo lote limeliwa hapo.

Pozolana nayo hukomaa polepole. Mwagilia siku 14, usiishie 7, na nguzo za kushikilia slabu zisitolewe mapema eti kwa sababu juu pamekauka. Kwa hiyo kipimo kisiwe risiti za dukani. Kiwe kilo za klinka kwa kila mita ya ujazo iliyofaulu mtihani wa mchemraba.

Mtafiti wa sera, Ngara
Msimamizi, kipimo hicho nakiunga mkono kwa moyo wote. Naongeza somo la Ulaya. Soko lao lilianza 2005, na viwanda vya saruji vikagawiwa kwa wingi vibali vya bure vya kutoa kaboni. Uchumi ulipoanguka vibali vikazagaa, na mwaka 2013 tani ikauzwa chini ya yuro 5. Vibali vya bure vya saruji vinafutwa hatua kwa hatua hadi 2034, sambamba na tozo ya kaboni kwa saruji na klinka zinazoingia kutoka nje.

Hapo ndipo sisi tuna pengo. Tukibana matanuri yetu peke yake, viwanda vinavyosaga klinka kuwa saruji vitaagiza klinka ya nje, na kaboni itakuwa imehamia tu kwa jirani. Kikomo kihesabu klinka yote inayosagwa nchini, iliyochomwa hapa na iliyoshushwa Mombasa.

Mkadiriaji gharama, Ruaka
Dada mtafiti, kikomo hicho nimekubali. Nawe mhandisi, pozolana naiondoa kwenye hati, maana ingenunuliwa hata hivyo. Lakini saruji ya udongo uliochomwa je? Klinka nusu, udongo kama asilimia 30, chokaa ghafi 15, jasi 5. Udongo huchomwa kwa nyuzi 700 hadi 850, klinka kwa 1,450. Tanuri jipya la udongo ni mtaji mkubwa, na halijengwi kwa mazoea, kwa hiyo hapo pesa za hati zingeleta punguzo lisingetokea bila hizo.

Mhandisi wa miundo, Upper Hill
Hilo nalikubali, mradi hati zilipwe baada ya michemraba kufaulu, si siku ya kuzindua tanuri.