Mjadala: Kilao na Kichina ni ndugu, au ni majirani waliokopeshana maneno?

Mleta mada:
Wakuu, salaam. Tangu ile reli ya Vientiane, mji mkuu wa Laos, hadi mpaka wa China ifunguliwe Desemba 2021, kuna hoja haiishi: eti Walao hawapati taabu na Kichina kwa kuwa Kilao, lugha ya Laos, chenyewe ni Kichina cha kusini. Mtu anataja toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunakobadili maana ya neno, anataja maneno mafupi ya silabi moja, anakuhesabia moja hadi kumi, kesi imekwisha. Mimi napinga. Kilao hakikutokana na Kichina, na ushahidi unaotajwa sana ndio dhaifu kuliko wote.

Nianze na namba, maana ndizo zinazowateka watu. Mlao anasema sam (3), si (4), chet (7), paet (8), kao (9), sip (10). Mkantoni, msemaji wa Kichina cha kusini, Guangdong, anasema saam, sei, chat, baat, gau, sap. Kufanana kupo, sikatai. Ona hata zile t na p za mwisho: Kichina cha Beijing kilishazipoteza, kinasema qi, ba, shi, lakini Kilao na Kikantoni vimezitunza. Maana yake Kilao kilizipokea namba hizo zamani sana.

Lakini kupokea si kuzaliwa nako. Sisi hapa tunasema sita, saba, tisa, ishirini, mia, elfu. Zote za Kiarabu. Na Kiswahili chenyewe kinaonyesha kovu la mkopo: tunasema watu watano, viti vitano, ila watu sita, viti sita. Namba ya kigeni imekataa kuvaa ngeli. Kilao nacho kina kovu lake. Moja kwa Kilao ni neung, si neno la Kichina, na kwa kawaida hukaa nyuma ya neno la kuhesabia (neno dogo linaloandamana na namba kuonyesha aina ya kinachohesabiwa) wakati namba nyingine hukaa mbele yake. Moja ya Kichina unaikuta imejificha ndani ya kumi na moja, sip-et. Ishirini nayo ni sao, haina harufu ya Kichina kabisa.

Kuhusu toni sitasema mengi. Kivietinamu kina toni sita na hakuna mwanaisimu leo anayekiita Kichina. Ni jamaa wa Kikhmer cha Kambodia, ambacho hakina toni hata moja. Mfaransa André-Georges Haudricourt alionyesha mwaka 1954 jinsi toni za Kivietinamu zilivyozaliwa baada ya konsonanti za mwisho wa maneno kudondoka. Eneo lile lote toni zilienea kwa ujirani.

Karibuni.

Nahodha:
Mkuu, umeandika vizuri lakini umeruka jambo. Wanazuoni wengi wa China mpaka leo wanaweka lugha za jamii ya Kilao, wao wanaziita Zhuang-Dong, ndani ya familia moja na Kichina na Kitibeti. Mgawanyo huo uliwekwa na Li Fang-Kuei mwaka 1937, na huyo si mtu wa kuokota njiani: ndiye aliyekuja kuandika kitabu kikubwa cha kulinganisha lugha za Kitai, ukoo wa Kilao na Kithai, mwaka 1977. Unamtupa kwa sababu ya sita na saba?

Halafu hoja yako ina mtego. Kikifanana na Kichina unasema mkopo. Kisipofanana unasema "mnaona!" Kwa mtindo huo hakuna ushahidi utakaokuangusha.

Shangazi:
Mimi naingia kwa upande wa sarufi, maana mnagombana kuhusu msamiati tu. Nyumba kubwa kwa Kilao ni heuan nyai, nyumba kwanza, kubwa baadaye, kama sisi. Mchina anaanza na kubwa. Mbwa watatu ni ma sam to: mbwa, tatu, kisha neno la kuhesabia wanyama. Mchina anaanza na tatu, mbwa anakuja mwisho. Na sentensi ndefu ndiyo mbaya zaidi: "mtu niliyemwona jana" Mlao anaipanga kama sisi, Mchina anaweka "niliyemwona jana" yote mbele ya mtu. Ndugu gani hao mmoja anatembea kinyumenyume?

Ila, mleta mada, na wewe acha kukimbia. Kama Kilao si cha Wachina, ni cha nani?

Mleta mada:
Shangazi, hapo umenibana nilipotaka kubanwa.

Mwaka 1942 Mmarekani Paul Benedict alisema tuache kutazama kaskazini, tutazame baharini: lugha hizi ni jamaa wa Kimalei, lugha ya Malaysia, na wenzake. Alichekwa. Lakini tazama maneno ya ndani ya nyumba, yale mtu haendi sokoni kuyakopa. Jicho kwa Kilao ni ta, kwa Kimalei mata. Kufa ni tai, Kimalei mati. Moto ni fai, Kimalei api. Mimi, kwa lugha isiyo ya adabu, ni ku, Kimalei aku. Na kwa majirani zetu wa Madagaska, ambao lugha yao ilivuka bahari kutoka Borneo, kufa ni maty, moto ni afo.

Mtu atasema ta na mata si kitu kimoja, silabi moja imepotea. Imepotea kweli, na kuna mahali bado ipo. Kusini mwa China kuna lugha ndogo iitwayo Kibuyang, jamaa wa Kilao, na huko jicho ni mata na ndege ni manuk. Mlao anasema nok. Yaani unaona neno kabla halijakatwa kichwa. Weera Ostapirat wa Thailand alionyesha mwaka 2005 kwamba sauti za maneno haya zinalingana kwa utaratibu.

Nahodha, kuhusu mtego: si kila kinachofanana na Kichina nakiita mkopo. Naangalia ni maneno ya aina gani. Namba, farasi, mambo ya biashara na utawala, hayo husafiri. Niletee viwakilishi, niletee viungo vya mwili vinavyolingana kwa utaratibu, nitakaa kimya. Na Li Fang-Kuei namheshimu, ila ule mgawanyo wa 1937 ulifanywa kabla ya kazi zote nilizotaja.

Mpitanjia:
Naona mnaacha swali lililoanzisha mada: Mlao anapata wepesi au hapati? Toni zitamsaidia, sawa, sikio lake limeshazoea. Lakini maandishi? Kilao kinaandikwa kwa herufi zenye asili ya India, zilizopitia kwa Wakhmer, na lugha yake ya dini na elimu imejaa Kipali na Kisanskriti, lugha za kale za India. Akifika kwenye maandishi ya Kichina anaanza sifuri, maelfu ya alama.

Wepesi wa Mlao ni Kithai. Anafungua televisheni ya Bangkok anaelewa. Tena wasemaji wa Kilao walioko kaskazini mashariki mwa Thailand, Isan, ni wengi kuliko raia wote wa Laos. Hao ndio ndugu, kama mnatafuta ndugu.

Nahodha:
Viungo vya mwili umetaka, chukua. Shingo kwa Kilao ni kho, koo kwa Kichina ni hou. Mguu ni kha, paja kwa Kichina ni gu, na wataalamu wa Kichina cha kale wanasema hiyo irabu zamani ilikuwa a. Tena Graham Thurgood aliandika mwaka 1994 kwamba hiyo mata na mati yenu inaweza kuwa mkopo pia. Mbona huko hupigi kelele za kovu?

Mleta mada:
Kho na kha nimezipokea, ni hoja nzito kuliko namba zote. Thurgood pia simfichi, na hata wanaokubali ujamaa na Kimalei hawajakubaliana: Laurent Sagart anaiweka Kilao ndani ya ukoo wa Kimalei, wengine wanasema ni ndugu wa kando.

Lakini Nahodha, sote tunachukulia kila mara kwamba Mchina ndiye mkopeshaji. Kusini yote ya China, Guangdong na Guangxi, ilikuwa ya watu wa Yue, wenyeji wasio Wachina, kabla majeshi ya Qin, dola ya Wachina wa kaskazini, hayajafika karne ya tatu kabla ya Kristo, na Wazhuang wanaosema lugha jamaa ya Kilao bado wako Guangxi kwa mamilioni. Kuku kwa Kilao ni kai, kwa Kikantoni gai. Kuku huyu wa nyumbani asili yake ni kuku wa msituni wa huko huko kusini, wala si wa Bonde la Mto Manjano, kitovu cha Wachina wa kale. Sasa neno hilo alilianza nani?