Wazee tulilipia kuongozwa, tukaachwa kwenye mizabibu: uzi wa malalamiko kuhusu baiskeli za meli za mto Danube

Wakuu, salaam. Naandika huku mke wangu ananiambia niachane na hili jambo. Siachani nalo. Nimesubiri majibu ya barua pepe wiki tatu kwa ustaarabu, sasa ustaarabu umekwisha.

Kisa ni hivi. Binti yetu anaishi Munich. Mwezi wa saba mimi na mama yake tumetimiza miaka 40 ya ndoa, akatukatia tiketi ya meli ya mto Danube, kutoka Passau Ujerumani hadi Budapest Hungaria. Mimi nina miaka 69, mama 66. Kampuni siitaji jina, mods msije mkaniondolea uzi. Jueni tu ni moja ya hizo zinazojitangaza kwa wazee, picha za mabibi wenye mvi safi wanacheka juu ya baiskeli, nyuma yao mizabibu na kanisa. Kwenye kijitabu chao matembezi ya baiskeli katika bonde la Wachau, Austria, yameelezwa kuwa mepesi, njia tambarare, kila mtu kwa mwendo wake, na kiongozi yupo muda wote. Tena yamo ndani ya bei ya safari. Hayo maneno ya kiongozi kuwepo muda wote naomba myashike, maana ndiyo kesi yangu yote.

Na kabla hamjaanza kuniuliza mzee ulifuata nini kwenye baiskeli: mimi ni mtu wa Tanga. Sisi baiskeli tumeijua kabla ya kujua kusoma. Nimefundisha Muheza miaka mingi, kwenda na kurudi kwa Phoenix, mvua jua, mtoto kwenye keria na madaftari ya darasa la sita kwenye usukani. Mama naye anaendesha mpaka leo, anakwenda nayo sokoni Mgandini. Kwa hiyo hadithi ya umri na mazoezi tuiweke pembeni.

Meli yenyewe sina la kulalamika. Chakula kizuri, chumba kisafi, mabaharia wana adabu. Passau pale inapokutana mito mitatu tulikaa saa nzima tunaangalia maji ya rangi tofauti yakigoma kuchanganyika. Shida ilianza Melk, mji wa mwanzo wa bonde hilo.

Asubuhi tukashuka, baiskeli zimepangwa gatini, watu 14 tunazizunguka kama mnada. Kiongozi ni kijana wa kama miaka 25, kavaa kaptura ya kubana ya mashindano, na baiskeli yake mwenyewe nyembamba, tairi kama uzi. Akasema chagueni. Basi. Hakuna aliyeulizwa urefu wake, wala kama ana goti la chuma, wala kama ameshika baiskeli miaka kumi iliyopita. Mzee mmoja wa Kanada, miaka 77, nyonga yake ya bandia, amepewa yenye bomba la juu. Nilimwona anajaribu kuurusha mguu mara tatu, mkewe kamshikia fremu, na yule kijana anaangalia saa. Siti nyingi zilikuwa zimepandishwa kwa ajili ya watu warefu wa jana. Nikaanza kuzishusha mimi, moja baada ya nyingine, watu watano. Mimi, mteja!

Helmeti zilikuwa nane kwenye sanduku. Watu 14, helmeti nane. Nilipouliza, kijana akanijibu kwamba sheria ya Austria haimlazimishi mtu mzima kuvaa. Ni kweli, hailazimishi, lazima ni kwa watoto. Lakini kwenye kundi lile nusu yetu tunameza vidonge vya kulainisha damu, mama akiwemo. Mtu wa vidonge vile akijigonga kichwa, damu inaweza kuvuja ndani kwa ndani na nje haonyeshi kitu. Kampuni inayouza safari kwa wazee isiyolijua hilo, inajua nini? Nilimvalisha mama ya kwanza niliyoishika.

Sasa hapa nataka niwaeleze kitu ambacho wengi hamkijui, na wao wangepaswa kutueleza. Baiskeli nyingi za kule, hizi za mjini na za kukodisha, breki ya nyuma iko kwenye pedali. Ukikanyaga kinyume, tairi la nyuma linashika. Sisi na Phoenix zetu pedali ukiirudisha nyuma inazunguka bure tu, na kila mtu aliyekulia kwenye Phoenix ana tabia hiyo: unateremka, unarudisha pedali nyuma kidogo ili mguu ukae vizuri. Mguu unafanya wenyewe, hauombi ruhusa kichwani. Wale Wakanada nao hawakuzijua. Maelezo ya breki ile yanachukua sekunde ishirini. Hayakutolewa.

Tukaondoka saa tatu na nusu. Kutoka Melk hadi Dürnstein, tulikoambiwa meli itatungoja, ni kama kilomita 30. Tulitakiwa tuwe gatini saa sita kasorobo. Pigeni hesabu wenyewe. Mzee anayeendesha baiskeli kwa raha anakwenda kama kilomita 12 kwa saa, kwa hiyo hizo ni saa mbili na nusu bila kunywa maji, bila kupiga picha, bila kukojoa. Walitupa saa mbili na robo. Yaani "kila mtu kwa mwendo wake" ilikuwa haiwezekani tangu kwenye karatasi, kabla hata tairi halijagusa lami.

Nimekuja kuelewa baadaye kwa baharia mmoja kwamba magati ya miji ile midogo yanagawiwa kwa saa. Meli ni nyingi, wakati mwingine zinafungwa ubavu kwa ubavu mbili tatu, saa yako ikiisha unapisha mwingine. Sawa, nimeelewa. Lakini hiyo ni biashara yao na gati. Wanajua ratiba mwaka mzima. Wangeweza kutuanzishia Spitz, mji wa njiani, badala ya Melk tukaenda nusu ya njia. Ila kwenye kijitabu Melk inauza, ina ile monasteri kubwa ya rangi ya njano.

Basi tukavuka daraja kwenda Emmersdorf, na baada ya robo saa kiongozi simwoni. Namwona mgongo, halafu nukta, halafu hakuna. Nyuma yetu hakuna mtu. Watu 14, kiongozi mmoja, naye yuko mbele! Mimi nimepeleka watoto wa shule ziara Amboni mapangoni, wanafunzi 40, na hata mwalimu wa mwaka wa kwanza anajua mmoja anakaa mbele na mmoja anakaa mkiani. Kundi linahesabiwa kwa mkia.

Tulipita Willendorf. Hapo ndipo mwaka 1908 walichimbua ile sanamu ndogo ya mwanamke mnene, ya sentimita 11 tu, mojawapo ya sanamu za kale zinazojulikana sana duniani. Mimi mwalimu nilikuwa nimeisubiri hiyo. Wakati huo nilikuwa nimejitahidi nikamkaribia kijana. Akanyoosha mkono kushoto, "Willendorf," akapita. Hakusimama. Nikasema haya, nitaisoma nyumbani.

Spitz alisimama dakika tano, akahesabu, tukawa wote. Pale kuna kivuko cha kwenda Arnsdorf kisicho na injini: kimefungwa kwenye waya uliovuka juu ya mto, na mkondo wenyewe ndio unaokisukuma mpaka ng'ambo. Nimevuka Pangani mara nyingi mno, nimesimama pale kivuko kimekufa na fundi kalala chini ya mashine, nikakiangalia kile kinavyoteleza kimya na gari juu yake, nikatamani wenzangu wa Bweni, ng'ambo ya Pangani, wangekiona. Ndiyo dakika pekee ya asubuhi ile niliyofurahi. Kijana akapiga kengele.

Mbele kidogo ya Wösendorf njia inashuka kidogo, kuna changarawe. Mama yuko mbele yangu mita kumi. Nikaona mguu wake wa kulia unarudi nyuma, ile tabia yetu. Tairi likashika, likateleza, akaenda chini kwa kiwiko na nyonga. Helmeti iligonga ukingo wa ukuta wa mawe, nikausikia ule mlio. Bado nausikia.

Nikapiga kelele. Kiongozi hayupo, wa mbele hawakusikia. Walisimama wale Wakanada wawili kwa sababu walikuwa nyuma yetu, naye mzee betri yake ilikuwa imekufa tangu Spitz. (Walimkodisha ya umeme kwa euro 40 za ziada. Haikuwa imejaa. Baiskeli ya umeme betri ikiisha ni kilo ishirini na kitu za chuma, kaisukume wewe na nyonga ya bandia.) Tukawa wanne njiani. Namba ya simu ya kiongozi hatuna, hakuitoa. Namba ya dharura hakutuambia. Mimi 112 naijua kwa sababu ya binti yangu, wengine je?

Aliyetusaidia ni mama mmoja aliyekuwa anachuma aprikoti bondeni hapo, matunda ya njano kama embe dogo, msimu wake ni mwezi huo. Alikuja mbio na ndoo mkononi. Akamkalisha mama kwenye kivuli, akamwosha kiwiko, akamfunga kwa leso yake. Nikampigia binti Munich, nikaweka spika, wakazungumza Kijerumani wao. Binti akapiga simu melini. Mapokezi wakamwambia asiwe na wasiwasi, kiongozi ana orodha. Akawauliza, orodha ina watu wangapi sasa hivi? Wakamweka kwenye muziki.

Kijana wa yule mama akatupakia kwenye pikapu na makreti ya aprikoti. Tukafika Dürnstein, mabaharia wanafungua kamba. Kiongozi alikuwa ameripoti watu kumi, na wanne "wamechagua kubaki wakionja divai." Wakuu! Mama yenu hajawahi kuonja hata togwa iliyochacha!

Jioni meneja wa safari akanionyesha fomu. Kweli nilisaini, ukurasa mzima wa maandishi ya chungu, kwamba nashiriki kwa hiari yangu. Halafu akasema baiskeli na kiongozi ni wa kampuni nyingine ya pale, wao ni wakala tu. Daktari wa Vienna alimpiga mama picha, hakuvunjika, alhamdulillahi, ila nyonga imevilia damu nyeusi kama sufuria kwa wiki mbili kwa ajili ya vidonge. Na siku ya kushuka Budapest kwenye bili yangu kuna euro 90: "mkwaruzo kwenye baiskeli."

Hapo ndipo walipoamsha mwalimu. Binti amechimba, na nawawekea hapa maana wengi mnawanunulia wazazi safari hizi. Umoja wa Ulaya una sheria ya safari za jumla, zile zinazouzwa kama kifurushi kimoja, Agizo 2015/2302. Linasema aliyekuandalia kifurushi anawajibika kwa huduma zote zilizo ndani ya kifurushi, hata kama anayezitoa ni mtu mwingine. Kwa hiyo "ni kampuni nyingine" si jibu. Na muda wa kudai hauwezi kuwa chini ya miaka miwili. Ila angalieni, linahusu kilichomo ndani ya kifurushi. Tour unayojinunulia mwenyewe kule melini baada ya kupanda inaweza kuwa habari nyingine. Yetu ilikuwa ndani, ninayo karatasi.

Kwenye barua nimedai vitu vitatu: euro 90 zirudi, gharama ya daktari irudi, na wanijibu swali moja kwa maandishi, nani alikuwa mkiani. Hilo la tatu ndilo wanalolikwepa.

EDIT: Naona kuna mkuu anasema "mzee si ungeomba kwenda polepole." Niliomba. Kwa Kiingereza, Spitz, mbele ya watu. Akanijibu meli haisubiri. Na wewe unayesema wazee tukae Raskazone, ufukweni kwetu Tanga, tule upepo, upepo wa Raskazone naujua kabla hujazaliwa, haunizuii kwenda kwingine.

EDIT 2: Wamejibu leo! Hawataji mkia. Wanasikitika kwa "usumbufu," euro 90 zinabaki kama zilivyo, na wanatupa vocha ya euro 100 kwa matembezi yoyote ya baiskeli kwenye meli zao, mwisho wa kuitumia 31 Desemba mwaka huu. Yule baharia alishanieleza kwamba ikifika Novemba baiskeli zote zinashushwa na kufungiwa stoo mpaka majira ya kuchipua. Barua ya pili binti anaiandika sasa hivi, Kijerumani cha mahakamani. Nitaleta mrejesho.