Miche ya nyanya kwenye vikopo inarefuka na kulala: naombeni ushauri kabla sijaihamishia kwenye ndoo

Chipukizi_Mpya:
Wakuu, habari za humu. Sina shamba, nina roshani tu inayopigwa jua kuanzia asubuhi hadi mchana. Nimeamua kuotesha nyanya kwa mbegu badala ya kununua miche, kwa sababu nataka kuijua nyanya yangu tangu ikiwa mbegu.

Mbegu nimezisia kwenye vikopo vidogo vilivyopangwa ndani, dirishani. Zimeota vizuri, karibu zote. Lakini sasa miche inarefuka kwa kasi, mashina ni membamba sana, rangi imepauka, na yote imeinamia kioo. Mingine imeanza kulala kabisa. Ukiiangalia pale shina linapoingia kwenye udongo, pamesinyaa na kuwa kahawia. Udongo ni wa bustanini, umechanganywa na samadi, na namwagilia kila asubuhi.

Je, hii iliyobaki inaokoleka? Na nikiihamishia kwenye ndoo, ndoo ya ukubwa gani inatosha mche mmoja? Natanguliza shukrani.

Mama_Kitalu:
Pole, ndugu. Hapo una matatizo mawili tofauti, na dawa zake hazifanani.

Hiyo inayolala ikiwa na shingo ya kahawia ni kinyausi, ugonjwa wa kuoza shina la mche mchanga. Vimelea vyake, kama Pythium na Rhizoctonia, hukaa kwenye udongo na hupenda ubichi usiokauka na hewa iliyotuama. Mche ukishaanguka hivyo hauinuki tena. Utoe pamoja na udongo wake, utupe mbali na mingine. Usihangaike kuufunga kijiti.

Iliyobaki inaweza kupona ukibadilisha maji leo hii. Acha kumwagilia juu. Weka vikopo kwenye beseni lenye maji kidogo, vinywe kwa chini kupitia matundu, kisha uvitoe vichuruzike. Uso wa udongo ukauke kabla hujarudia. Na fungua dirisha, hewa ipite kati ya mche na mche.

Samadi kwenye kikopo cha kusia mbegu mimi siiweki kabisa. Mbegu ina akiba yake ya chakula, haihitaji kitu cha ziada mpaka majani halisi yatoke. Samadi ambayo haijaiva inaweza kuunguza mizizi na kuingiza vimelea, kwa hiyo unapoteza pande zote mbili.

Jua_la_Asubuhi:
Naongezea upande wa kurefuka. Hiyo ni njaa ya mwanga. Dirisha linaangaza kwa macho yetu, lakini kwa mche ni mwanga wa upande mmoja, tena pungufu, ndiyo maana unajinyoosha kuutafuta. Kama roshani yako ina jua, anza kuitoa miche nje, ila polepole. Siku ya kwanza saa moja au mbili kivulini, kesho zaidi kidogo, kisha jua la asubuhi, mpaka ifike wiki moja hadi siku 10 ndipo ikae nje kutwa. Ukiitoa ghafla kwenye jua kali, majani yatababuka na kuwa meupe.

Kama huwezi kuitoa nje, tumia taa ya LED iliyo karibu, sentimita 5 hadi 10 juu ya majani, kwa saa 14 hadi 16 kwa siku, halafu izime usiku. Uinue kadiri miche inavyopanda.

Joto nalo lina mchango. Mbegu ya nyanya huota vizuri kwenye nyuzi 21 hadi 27 za Selsiasi, lakini ikishatokeza haihitaji joto lote hilo. Joto likizidi huku mwanga ni hafifu, miche hurefuka tu. Na kuna jambo dogo ambalo wengi hulipuuza: pitisha kiganja juu ya vilele vya miche taratibu, kila siku, kama upepo unavyofanya. Mche unaoguswaguswa hukua mfupi na shina lake hunenepa.

Chipukizi_Mpya:
Asanteni sana, nimeshaondoa iliyolala na vikopo viko kwenye beseni. Ila hii mirefu iliyo mizima, ikibaki mirefu hivi si itavunjika nikiipandikiza?

Mama_Kitalu:
Hapo ndipo nyanya inapotupa faida kubwa. Shina lake, sehemu yoyote iliyofukiwa kwenye udongo, hutoa mizizi. Ukihamisha, fukia mche mpaka karibu na majani ya juu. Ondoa kwanza yale ya chini yatakayozama ardhini, maana yakifukiwa yataoza. Kama umerefuka mno, ulaze kwa mshazari ndani ya chombo, ubakize kilele tu, nacho kitajinyanyua chenyewe. Urefu unaokutisha leo utageuka kuwa mizizi.

Subiri tu kila mche uwe na majani halisi, yale yenye meno na harufu ya nyanya. Yale mawili ya mwanzo, membamba na laini, ni majani ya mbegu, usiyahesabu. Na ukiuchomoa, ushike kwa jani, usiushike shina. Jani likichanika litaota jingine. Shina likipondeka, mche umekwisha.

Ndoo_na_Jembe:
Kuhusu ndoo, swali la kwanza ni aina gani umepanda. Angalia pakiti. Zipo nyanya fupi, zinazokua hadi kimo fulani zikaacha na kuivisha matunda mengi kwa kipindi kifupi, kama Roma. Zipo ndefu zinazoendelea kupanda na kuzaa mpaka zichoke, kama Moneymaker. Kwa zote mbili, mche mmoja kwa ndoo ya lita 20 ni kipimo ninachokiamini, na zile ndefu zikipata kubwa zaidi zitakushukuru. Kuna vibeti kama Tiny Tim ambavyo vinaridhika na chungu kidogo. Tafadhali usibananishe miche miwili kwenye ndoo moja. Itagombania maji na hutapata mavuno ya mche hata mmoja.

Toboa matundu kadhaa chini, na mengine ubavuni karibu na kitako. Kokoto chini ya ndoo usiweke. Watu husema zinasaidia maji kutoka, lakini maji hutuama pale udongo laini unapokutana na kokoto, hivyo unainua tu tope na kuisogeza karibu na mizizi.

Udongo mtupu wa bustanini kwenye ndoo hugandamana, hewa ikakosekana. Changanya mboji iliyoiva, unga wa makumbi ya nazi, na perlaiti (chembe nyeupe nyepesi za mwamba wa volkeno) au mchanga wa chembe kubwa. Usitumie udongo uliotoka kuotesha viazi mviringo, bilinganya au pilipili. Hizo ni jamaa za nyanya na zina magonjwa yanayofanana.

Kijiti au waya wa kuegemea uweke siku ileile ya kupandikiza. Ukichelewa utachoma mizizi.

Mpenda_Kijani:
Mimi huweka maganda ya mayai yaliyosagwa kwenye shimo, ili nyanya zisioze kitako. Kila mtu ajaribu.

Ndoo_na_Jembe:
Mkuu, hapo naomba tusimpoteze mwenzetu. Ni kweli kitako huoza kwa sababu kalsiamu haikufika kwenye tunda. Lakini mara nyingi kalsiamu imo udongoni tayari. Inasafiri na maji, na maji yakija leo mengi, kesho hakuna, tunda ndilo linalokosa. Maganda ya mayai huchukua muda mrefu mno kuoza, hayawezi kuokoa tunda la msimu huu. Kwa mwenye ndoo, dawa ni kumwagilia kwa mpangilio.

Na kumwagilia kwenye ndoo si sawa na shambani, kwa sababu mizizi haina mahali pengine pa kwenda kutafuta maji. Ingiza kidole sentimita 3 hadi 5. Pakiwa pakavu, mwagilia taratibu mpaka maji yachuruzike chini. Mmea mkubwa kwenye jua kali unaweza kuhitaji maji kila siku, hata mara mbili. Tandaza majani makavu juu ya udongo, yatapunguza ukaukaji. Usiyaloweshe majani ya mmea, maana unyevunyevu juu yake ndio unaofungua mlango wa bakajani, ugonjwa wa mabaka kwenye majani.

Mpenda_Kijani:
Nimekuelewa, mkuu. Nitayapeleka kwenye lundo la mboji.

Chipukizi_Mpya:
Pakiti yangu inasema ni ndefu. Mbolea niweke lini? Na hayo machipukizi ya pembeni, wengine wanasema uyakate, wengine uyaache.

Jua_la_Asubuhi:
Kwa ndefu, yale yanayochomoza kwenye kwapa la jani yachomoe kwa vidole yakiwa bado madogo, uache shina moja au mawili. Kwenye chombo hilo lina maana kubwa, kwani mizizi ni michache kuliko majani yanayodai maji. Wanaosema uyaache huenda wana aina fupi. Kwa hizo ni sahihi, ukikata unapunguza mavuno. Nawa mikono kabla ya kuigusa mimea, hasa kama umeshika tumbaku, kwa sababu inaweza kubeba virusi vya batobato, vinavyotia majani madoadoa na kudumaza mmea.

Mbolea: kumwagilia mara kwa mara huosha virutubisho vikatokea chini, hivyo mmea wa ndoo unalishwa kidogo kidogo na mara kwa mara. Maua yakianza, punguza yenye naitrojeni nyingi, ongeza yenye potasiamu. Ukiona majani manene, meusi kwa ukijani, na hakuna ua hata moja, naitrojeni imezidi.

Maua ya nyanya hujichavusha yenyewe, lakini roshani yenye utulivu haina upepo wa kutosha. Tikisa kishada taratibu mchana. Joto likizidi sana, maua hudondoka bila kushika tunda. Hapo usimwage mbolea kwa hofu. Mpe mmea kivuli cha mchana na maji, usubiri joto lishuke.

Chipukizi_Mpya:
Nimeandika yote. Swali la mwisho: nikipata matunda mazuri, naweza kutunza mbegu zake?

Mama_Kitalu:
Kama pakiti imeandikwa F1, yaani chotara ya kizazi cha kwanza, mbegu zitaota lakini watoto hawatafanana na mama, kwa hiyo nunua mpya. Kama si F1, chagua tunda lililoivia mtini kwenye mmea wenye afya. Kamua mbegu na maji yake kwenye kikombe, ziache siku 2 au 3 zichache, ule utelezi utoke. Zisuguliwe, zioshwe, zianikwe kivulini kwenye sahani, siyo kwenye karatasi kwa sababu zitaganda. Zikikauka kabisa, zifunge mahali pakavu na baridi, uandike aina na mwaka. Zikitunzwa hivyo huota hata baada ya miaka kadhaa.