Naomba msaada kuitambua ndege kwenye picha ya babu, Port Bell

MjukuuWaGati:
Shikamooni wakubwa, na wengine habari za jioni.

Mama mkubwa amenikabidhi albamu ya marehemu babu, aliyekuwa mpakiaji wa mizigo gatini Port Bell, hapa Luzira. Kuna picha moja inaugawa ukoo. Ni ndege kubwa imeelea ziwani, na mbele yake wanaume wawili wamesimama kwenye boti ndogo. Mmoja ni babu, wa pili hatumjui.

Mjomba anashikilia kuwa hiyo ni ndege ya Waingereza iliyofungua safari mwaka 1931. Mama mkubwa anasema haiwezekani, babu aliajiriwa baada ya vita vya Hitler. Mwezi ujao tuna kikao cha ukoo na mimi ndiye nimepewa kazi ya kuandika maelezo chini ya picha. Sitaki kuwaandikia watoto jambo la kubahatisha.

Ninachokiona: bawa moja refu lililokaa juu ya bodi, injini nne za propela, boya chini ya bawa kila upande, madirisha madogo safu mbili, mkia mmoja wa kusimama. Ubavuni kuna herufi G-AH, kisha moja kama kijiti, halafu bega la babu limeziba zilizobaki. Nyuma ya picha hapana maandishi. Kitambulisho chake cha kazi kimeandikwa E.A.R. & H.

Jambo la pili: kuna mkusanyaji wa picha za zamani anataka kuinunua hii yenyewe. Nimpe?

Kasuku_Katabi:
Hiyo ni Sunderland ya jeshi la Uingereza, moja kwa moja. Injini nne, bawa juu, inatua majini. Zilizunguka sana Afrika wakati wa vita.

FundiMstaafu_Entebbe:
Marahaba mwanangu. Swali lako ni zuri, na umeieleza picha vizuri kuliko wengi wanaoleta picha zenyewe hapa.

Kasuku, Sunderland ni ndugu yake wa damu, kwani zote ni za kiwanda cha Short. Lakini Sunderland ya vita ina kibanda cha bunduki mkiani na alama za duara za jeshi. Ndege yenye herufi zinazoanza na G na kistari ni ya kiraia, imesajiliwa Uingereza. Na safu mbili za madirisha maana yake ni abiria juu na chini.

Ya mjomba tuimalize haraka. Ndege za majini za Imperial Airways, shirika la ndege la Uingereza, zilizoshuka kutoka Khartoum hadi Ziwa Viktoria mwaka 1931 zilikuwa Short Calcutta. Calcutta ina mabawa mawili, moja juu ya jingine, na injini tatu. Yako ina bawa moja na injini nne. Mtafutie mjomba picha ya Calcutta ahesabu mwenyewe, maana mzee hapendi kuambiwa na mtoto.

Kazi iko kwenye hizi mbili zinazofuata. Ya kwanza ni Short Empire, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1936 na kuanza safari za Durban mwaka 1937, ikipita Port Bell. Ya pili ni Short Solent ya BOAC, shirika la ndege la Uingereza lililofuata Imperial, iliyopita hapo hapo kuanzia 1948 hadi 1950 ikienda Johannesburg, ambako ilitua kwenye bwawa la Vaal. Zote zina injini nne na bawa moja juu. Urefu wa bodi ni karibu mita 27 kwa zote mbili, na upana wa mabawa, kama mita 34 na nusu, unapishana kidogo tu. Ndiyo maana watu huzichanganya. Tofauti ni unene: Empire ilibeba abiria 24 na uzito wake wa kuruka ulikuwa tani 18 hivi, Solent ilibeba 34 na kufika tani 35.

Sasa tazama mahali mkia unapoota mgongoni. Kwenye Empire, pezi la mkia linasimama ghafla kutoka kwenye bodi. Kwenye Solent kuna ukingo unaopanda taratibu kutoka mgongoni, kama shingo ya ng'ombe wa Ankole inavyopanda kutoka mabegani. Yako ikoje?

MjukuuWaGati:
Ahsante sana mzee. Nimeangalia kwa kioo cha kukuzia. Ukingo upo, unaanza mbali kidogo kabla ya mkia.

Msafiri_wa_Nyanza:
Basi Empire haimo tena, na herufi zinasema hivyo hivyo. Uingereza walisajili kwa mfuatano. Empire za mwanzo ni G-AD, nyingine G-AE. G-AH ni usajili wa baada ya vita.

Ila usifunge jalada bado. BOAC walikuwa pia na Sandringham, Sunderland zilizogeuzwa za abiria, na nazo zilianza na G-AH. Zile karibu zote zilikuwa G-AHZ na Solent zilikuwa G-AHI. Kwa hiyo hicho kijiti chako ndicho shahidi mkuu. Ni mstari mnyoofu, au kina vipande vya kulala juu na chini?

Nawapa na hiki kwa mapenzi tu ya ndege hizi. Empire moja iliyoitwa Corsair ilitoka Port Bell kwenda Juba mwezi Machi 1939, ikapotea njia na kushuka kwenye mto Dungu, Kongo ya Mbelgiji. Wakaitengeneza, wakajaribu kuruka ikagonga mwamba. Wakaitengeneza tena na kuuzibia mto bwawa ili maji yapande. Ikaruka Januari 1940. Picha kama yako ni za dunia hiyo, tafadhali itunze.

Mama Zaituni:
Mwanangu, mimi nimefanya kazi na nyaraka za zamani, niseme la utunzaji. Usiibandue kwa nguvu kama imegandishwa na gundi. Usiipeleke ikafunikwe nailoni ya moto, hiyo itaiua. Ipige skani pande zote mbili, nukta 600 kwa inchi kwenda juu, uhifadhi faili sehemu mbili tofauti. Maelezo yaandike nyuma, pembeni, kwa penseli laini. Wino hupenya hadi mbele.

Mnunuzi mpe nakala ya skani kwa makubaliano ya maandishi. Hiyo yenyewe usiitoe. Ni ya ukoo, na huna haki ya kuiuza peke yako.

FundiMstaafu_Entebbe:
Naunga mkono. Na kuhusu kitambulisho: E.A.R. & H. ni Reli na Bandari za Afrika Mashariki, shirika lililoundwa mwaka 1948 kwa kuunganisha reli ya Kenya na Uganda na ile ya Tanganyika. Kitambulisho hakiwezi kuipa picha tarehe, lakini kinamweka babu kazini miaka ile ile ya Solent. Mama mkubwa ana kumbukumbu nzuri.

MjukuuWaGati:
Nimerudi. Nimeipiga skani kama Mama Zaituni alivyoelekeza na kuikuza. Kijiti ni mnyoofu kabisa, hakuna kipande cha kulala juu wala chini.

Msafiri_wa_Nyanza:
Hiyo ni I. Una Short Solent ya BOAC. Kila moja ilikuwa na jina lake, kama Salisbury, Southampton na Somerset, ila bila herufi ya mwisho huwezi kujua yako ni ipi. Usiandike jina. Mwaka mmoja pia usiuandike, acha "kati ya 1948 na 1950". Novemba 1950 safari zile zilikoma, ndege za kutua nchi kavu zikachukua njia.

MjukuuWaGati:
Mungu awabariki wote. Nyuma ya picha nitaandika: "Short Solent ya BOAC, Port Bell, kati ya 1948 na 1950. Babu ni wa kulia." Mnunuzi nimemjibu kuwa haiuzwi, akitaka nakala tuzungumze mbele ya mama mkubwa.

Limebaki jina la yule wa kushoto. Ni mrefu, amevaa kofia ya duara na kaptula, ameshika kamba ya boti. Kama kuna mwenye mzee aliyefanya kazi gatini Luzira miaka hiyo, naomba aniandikie ujumbe wa faragha nimtumie skani.