Banda limeungua sokoni Gikomba, Wastoa watanisaidia?

Ndugu zangu, moto wa usiku umeniachia kufuli tu, imepinda. Marobota mawili ya viatu yamekuwa majivu na deni la chama liko palepale. Rafiki ananiambia nisome Wastoa, wale wanafalsafa wa kale wa Ugiriki na Roma. Walijua nini kuhusu hasara?

Mama wa Kayole: Pole sana, mwanangu. Zeno, mwanzilishi wa Wastoa, inasimuliwa alikuwa mfanyabiashara. Meli ikazama na shehena, akaishia Athens kusoma falsafa. Epictetus, Mstoa aliyewahi kuwa mtumwa, alifundisha kutenganisha yaliyo mikononi mwetu na yasiyo. Moto haukuwa mikononi mwako. Kumpigia simu mweka hazina wa chama, hilo ni lako. Lakini lia kwanza.

Jirani wa Umoja: Marcus Aurelius, Mstoa na mfalme wa Roma mwaka 161–180 BK, alizika watoto kadhaa. Alijiandikia kujituliza.

Muulizaji: Asante, mama. Nimempigia. Amenipa hadi mwisho wa mwezi.