Vedana ni "hisia" kweli? Mgongo umenifikisha hapa

FundiCherehani
Wakuu, habari za jioni. Nashona tangu 2004. Mwaka huu mgongo umenikamata, unachoma kiunoni mpaka mguu wa kushoto unakufa ganzi. Katika kuhangaika nikasoma Sallatha Sutta, ile hotuba ya Budha ya mishale miwili. Budha anasema asiyefunzwa akiumwa mwili hulia na kusononeka, kama aliyechomwa mshale, akaongezwa wa pili papo hapo. Aliyefunzwa huchomwa mmoja tu. Huo wa pili naujua vizuri: "Nikilemaa, ada ya mtoto atalipa nani?" Unakuja saa nane usiku.

Kinachonishinda ni neno vedana, la Kipali, lugha ya maandiko ya kale ya Kibudha. Wengi huitafsiri "hisia", na hofu nayo tunaiita hisia. Sasa hofu yangu ya ada ni vedana au siyo?

MamaNasra
Pole sana fundi. Neno "hisia" ndilo linalokuchanganya, limebeba mengi mno. Vedana ni ladha tu: jambo linapokugusa huja tamu, chungu, au si tamu wala chungu. Budha anamgawa mtu katika mafungu matano, vedana ni moja; hofu, chuki na nia zimo katika fungu jingine, sankhara, yaani yale akili inayoyaunda. Kwenye mnyororo wa sababu 12, ambao Budha anaeleza mateso yanavyozaliwa, vedana ndiyo inayozaa tanha, ile kiu ya kutaka au kukimbia. Mimi hukaa hapohapo kati ya ladha na kiu, maana nikichelewa kidogo tu nimeshafoka.

Mzee_wa_Pali
Mama yuko sahihi, ila naongeza. Sutta hiyohiyo inataja vedana ya mwili na vedana ya akili, na mshale wa pili ndiyo hiyo ya akili. Kwa hiyo fundi, hofu yenyewe ni sankhara, lakini ule uchungu ulio ndani yake ni vedana.
Na mguu kufa ganzi usiuachie tafakuri peke yake, nenda hospitali. Hata Jon Kabat-Zinn, Mmarekani aliyepeleka tafakuri hospitalini, alipoanzisha programu yake Massachusetts mwaka 1979, wagonjwa wa maumivu sugu waliletwa na madaktari wao.

FundiCherehani
Asanteni sana, Jumatatu naenda hospitali. "Ladha" nimeielewa. Leo nikipinda gauni kiuno kimechoma, nikasema kimoyomoyo "chungu", nikanyanyua mguu kwenye pedali. Wazo la ada likaja, nalo nikaliambia "chungu". Halikuondoka, likakaa pembeni. Gauni nimelimaliza.