Mliokwenda Nzwani Machi 2008, na mliobaki mkiwasubiri: tupeane uzoefu

Habari za muda huu, wakuu. Vita vya Kagera tumevisimulia mpaka watoto wanavijua, lakini operesheni ya Komoro haina msimuliaji. Mjomba wangu alikwenda, akarudi salama, na mpaka tunamzika hakuigusia zaidi ya sentensi mbili.

Kwa wadogo zetu: Nzwani (Anjouan), kimoja cha visiwa vya Komoro, ilijitangazia kujitenga mwaka 1997. Serikali kuu ya Moroni ikapeleka askari Septemba mwaka huohuo, wakashindwa. Jeshi la Komoro lenyewe lilikuwa dogo, na kwa miaka mingi nguvu halisi ilikuwa kwa mamluki wa Mfaransa Bob Denard waliokiongoza kikosi cha ulinzi wa rais. Makubaliano ya Fomboni ya 2001 yakairudisha Nzwani kwenye Muungano wa Komoro, ila Kanali Mohamed Bacar, rais wa kisiwa hicho, akafanya uchaguzi wake 2007 licha ya kukatazwa. Rais Sambi wa Komoro akaomba msaada wa Umoja wa Afrika, ambao mwaka uliofuata mwenyekiti wake alikuwa Rais Kikwete. Jumanne ya 25 Machi 2008 askari wa Tanzania, Sudan na Komoro wakashuka kisiwani. Hadi jioni Mutsamudu, mji mkuu wa kisiwa, na uwanja wa ndege wa Wani vilikuwa mikononi mwao. Bacar akakimbilia Maore (Mayotte), kisiwa jirani kilicho chini ya Ufaransa.

Hayo yameandikwa. Nataka ya kwenu.

Mama wa Mtwara: Mwanangu, sisi kota hatukuambiwa lolote. Mume wangu alisema anakwenda mazoezini. Usiku ule akaniachia kadi ya benki na namba ya siri, kitu ambacho hakuwahi kukifanya tangu anioe. Nikajua si mazoezi. Nzwani niliisikia redioni, na hapo ndipo nilipoanza kufunga.

Mstaafu, Morogoro: Nilikuwepo, kikosi sitaji. Risasi zilikuwa chache kuliko tulivyojiandaa. Kilichotutesa ni milima na mzigo mgongoni. Jandarma (askari polisi wa kisiwa) wa Bacar walivua sare wakachanganyika na raia, unaingia kijijini hujui nani ni nani. Wananchi walitupokea vizuri, tena sana. Ila mzee mmoja, tumetoka kuswali adhuhuri, alinishika mkono akaniuliza tutaondoka lini. Nikadhani ametuchoka. Kumbe anaogopa tukiondoka mapema watu wataanza kulipizana visasi. Swali hilo mafunzoni hatukuandaliwa kulijibu, na naona ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote.

Binti wa Domoni (Nzwani), sasa Dar: Shikamoo baba. Huo ni mwezi wa Maulidi, kwetu yalikuwa bado yanasomwa. Kaka yangu alikuwa jandarma wa kisiwa. Huyo Bacar, kaka hakuwa na habari naye. Aliingia kwa sababu ya mshahara, nao ulikuwa unachelewa. Siku ile alijificha kwenye mashamba ya mlangilangi, mama akawa anampelekea wali ndani ya kapu la nguo. Nasikia watu wakisema ‘waasi’ na nakumbuka kijana wa miaka ishirini na kitu asiyejua amsalimishie nani bunduki.

Mwanzisha mada: Pole sana, dada. Alirudi nyumbani?

Binti wa Domoni: Alipanda kwasa-kwasa, zile boti ndogo za magendo, kwenda Maore. Mpaka leo hana karatasi. Wakimkamata wanamrudisha Mutsamudu, naye akipata nauli anavuka tena. Mama amekataa kugawa chumba chake.